Mazabodi ya B650: tazama mgongo kabla hujalipa
Ukinunua mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya B650 kwa ajili ya prosesa za AMD Ryzen 9000, chagua yenye kitufe cha kusasisha BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) nyuma, karibu na matundu ya USB. Kampuni ya Gigabyte hukiita Q-Flash Plus. B650 zilitoka 2022, prosesa hizo 2024, kwa hiyo bodi iliyokaa sana dukani na BIOS ya zamani haitaitambua prosesa: feni zinazunguka, skrini nyeusi. Kitufe hicho husasisha hata soketi ikiwa tupu. Unganisha nyaya za umeme, ile ya pini 24 na ya pini 8, chomeka flashi yenye faili la BIOS mpya, iliyofomatiwa kwa FAT32, kwenye tundu lenye alama, bonyeza. Flashi ikiwa NTFS, au jina la faili likikosewa hata herufi moja, inagoma. Taa ikiwa bado inapepesa, usizime kamwe. Umeme wenu ukiwa wa kukatika-katika, weka UPS (betri ya akiba ya umeme) kwanza.