Namna ya kuiandaa yadi ya malori kabla ya faini

Anza na saa za dereva. Sheria ya Trafiki ya Kenya inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kwa hiyo ukimpangia dereva mmoja safari ya Mombasa hadi Malaba, mpakani na Uganda, bila kumpa usiku wa kulala, umeshavunja sheria kabla hajawasha injini.

Kisha ingia gereji na uiname. Ukimkuta fundi amelala chali chini ya ekseli, na lori limeshikwa na jeki peke yake, mtoe hapo mara moja, uweke stendi za kushikilia ekseli na uzuie magurudumu kwa vigingi, kwa sababu jeki huteleza bila kutoa onyo. Mwajiri anayepuuza wajibu wake wa kulinda wafanyakazi anaweza, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi 6, au vyote viwili.

Wafanyakazi wakifika 20, unda kamati ya usalama, na ukaguzi wa usalama ufanywe angalau mara moja kila miezi 12. Ajali ikiua mtu, mjulishe afisa wa usalama wa eneo ndani ya saa 24, kisha upeleke taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Utingo aliyelalamika kuhusu breki asifukuzwe; sheria inamlinda, na breki hizo zikaguliwe siku hiyohiyo.