SOMO: Aliyeanguka kwa joto apozwe kwanza, gari baadaye

Kila kiangazi simu yangu hujaa swali moja: kuruta kaanguka mbioni, mkata miwa kaanguka shambani, tumpe nini? Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Hiki ni kiharusi cha joto: mwili umechemka ukashindwa kujipoza.

1. Mtoe juani.

2. Mvue buti, mkanda, shati na mzigo.

3. Mmoja atafute gari. Msimpakie bado.

4. Mpozeni. Hapa ndipo tunapopoteza watu. Mwili ukifika nyuzi 40 na mtu akaanza kuropoka, kuyumba au kuzimia, ubongo, ini na figo vinaharibika kadiri mnavyochelewa. Msimbane katikati ya watu wawili kwenye boda mkakimbilia kituo cha afya angali anachemka! Mmwagieni maji mwili mzima, dumu baada ya dumu, huku mnampepea bila kuacha. Mkiwa na turubai, watu wanne washike pembe, alazwe katikati, maji na barafu vimiminwe ndani, mwingine amshike kichwa kisizame. Shuka lililoloweshwa likipata joto libadilisheni upesi. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, kitaingia mapafuni. Joto la ndani likishuka hadi 39 hivi, acheni kummwagia, mlazeni ubavu, mwondoke.

Kipimajoto cha kwapani huweza kusoma 38 wakati ndani ni 41. Akiropoka baada ya mbio juani, mpozeni, namba isiwazuie. Wala jasho lisiwadanganye: aliyeanguka mazoezini mara nyingi bado analowa.

MASWALI

– Afande, nimpe Panadol ngapi?

Hata moja. Soma tena hatua ya 4.

– Mbona kwenye malaria inashusha joto?

Umeuliza vyema, dada. Kwenye malaria ubongo wenyewe umepandisha kiwango cha joto unachokitaka, na Panadol inakirudisha chini. Huyu wa juani ubongo wake bado unataka 37, ila mwili umeshindwa kutoa joto. Panadol haina cha kurekebisha, na ini lake tayari limeumia. Lakini akishapozwa apimwe malaria pia, maana ikipanda kichwani nayo humfanya mtu aropoke.

– Nasikia joto hutibu saratani. Mama ana uvimbe titini, tumfukize?

Msimfukize. Tiba ya joto ipo kweli: mashine maalumu hupasha uvimbe nyuzi 40 hadi 44, kwa kama saa moja, sambamba na mionzi au dawa. Joto hilo huzifanya seli za saratani zishindwe kujikarabati baada ya mionzi. Mvuke wa sufuria huishia kwenye ngozi, na mwili unautoa kwa jasho. Tafadhali mpeleke Taasisi ya Saratani pale Mulago, Kampala, wiki hii, uvimbe ukiwa bado mdogo.

– Makuruta wetu wanatoka Kabale kwenye baridi kuja Moroto kwenye joto. Tuwaanzishe vipi?

Pole pole, ndugu yangu. Mwili huchukua siku 7 hadi 14 kuzoea joto. Wiki ya kwanza mbio fupi, alfajiri, bila begi. Anayeharisha au mwenye homa asikimbie kabisa siku hiyo, hata akijitolea mwenyewe.