Namna ya Kujiandaa kwa Mtihani wa MCS wa COSECSA: Mwongozo kwa Madaktari Wanaosomea Upasuaji

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya daktari aliyekwisha kujiunga na mafunzo ya Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambacho wengi wetu hukiita COSECSA, na ambaye sasa anaukaribia mtihani wa ngazi ya kwanza, yaani MCS. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1999 na makao yake yako Arusha, lakini hakina kumbi za mihadhara. Wanafunzi wake wamo katika hospitali zilizoidhinishwa, za rufaa na za misheni, wakifanya kazi ya kila siku chini ya daktari bingwa anayewasimamia. MCS huchukua kama miaka miwili. Anayeendelea huingia ngazi ya ubingwa, FCS, katika fani kama upasuaji wa jumla, wa mifupa, wa mfumo wa mkojo, wa watoto au wa ubongo. Mtihani wenyewe una sehemu ya maandishi, yenye maswali ya kuchagua, na sehemu ya vituo, ambamo mtahiniwa huzunguka kutoka kituo kimoja hadi kingine kwa kufuata kengele.

Baada ya kuwaandaa madaktari vijana kadhaa, nimefikia rai moja ambayo sijapata sababu ya kuiacha. Wengi wanaoanguka kwenye vituo wanaijua kazi vizuri kabisa, ila hawajapata kuisema kwa sauti, kwa mpangilio, huku mtu aliyenyamaza akiwatazama na kuandika. Ndiyo maana hatua zifuatazo zimeelemea zaidi upande wa vituo kuliko upande wa vitabu.

Hatua ya kwanza: maliza mambo ya usajili na logi mapema

Soma kanuni za mtihani za mwaka wako kwenye tovuti ya chuo, si za mwenzako aliyefanya miaka mitatu iliyopita, kwa kuwa tarehe, ada na masharti hubadilika. Kisha ifungue logi yako ya kielektroniki, ile ambamo kila upasuaji huingizwa pamoja na nafasi uliyoshika, yaani kama ulisaidia, ulifanya ukisimamiwa, au ulifanya mwenyewe. Logi ijazwe siku ileile ya upasuaji, kabla hujavua viatu vya thieta ikiwezekana. Anayeiahirisha hadi mwisho wa mwaka hulazimika kufukua vitabu vya thieta usiku na kumsumbua msimamizi wake athibitishe kesi ambazo hata yeye amekwisha kuzisahau.

Hatua ya pili: soma sayansi ya msingi kwa kuanzia kwenye kisu

Kwa sehemu ya maandishi, usianze anatomia kwa kufuata mpangilio wa kitabu. Anza na upasuaji ambao hospitali yako hufanya kila wiki, na kwa kila mmoja jiulize unakata nini, nini kiko chini yake, na kipi ukikijeruhi mgonjwa ataumia. Upasuaji wa tezi la shingo utakufundisha mishipa ya fahamu ya zoloto. Kuondoa kidole tumbo kutakufundisha tabaka za ukuta wa tumbo. Kukata mguu chini ya goti kutakufundisha mafungu ya misuli na mishipa ya damu iliyomo. Maarifa yaliyopatikana hivyo hukaa, na watahini huyauliza hivyohivyo.

Maswali ya mazoezi yanayouzwa mtandaoni yanafaa, lakini mengi yameandikwa kwa ajili ya mitihani ya Uingereza, na yule anayeyategemea peke yake hufika akiwa hodari wa magonjwa ya huko kuliko ya wodi yake. Hakikisha umeyasoma kwa kina magonjwa ya kwetu: utumbo uliotoboka kwa homa ya matumbo, ambao tundu lake huwa karibu na mwisho wa utumbo mwembamba, utumbo mpana uliojisokota, saratani ya umio, usaha ndani ya misuli, na uvimbe wa taya wa watoto ambao Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliueleza mwaka 1958. Ni jambo la aibu kidogo kwa daktari wa ukanda huu kuulizwa habari za uvimbe huo na kubaki akigugumia.

Hatua ya tatu: zifanye hesabu mpaka zikuchoshe

Kuna hesabu chache zinazojirudia, nazo hutoa alama kwa asiyebabaika. Chukua mfano wa mgonjwa mwenye kilo 70, aliyeungua asilimia 30 ya ngozi yake, na aliyefikishwa kwako saa 3 baada ya ajali bila kupewa maji yoyote. Kwa fomula ya Parkland unazidisha 4 ml kwa kilo 70 kwa asilimia 30, unapata 8,400 ml kwa saa 24 za kwanza. Nusu yake, yaani 4,200 ml, inatakiwa iingie ndani ya saa 8 za mwanzo, na saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua, wala si tangu alipopokelewa. Zimebaki saa 5, kwa hiyo dripu itakwenda kwa 840 ml kwa saa. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa kugawanya 4,200 kwa 8.

Usiishie kwenye jibu hilo. Sema pia kwamba fomula ni mahali pa kuanzia tu, kwamba ATLS, yaani mafunzo ya kuhudumia majeruhi, katika toleo la mwaka 2018 huanza na 2 ml kwa mtu mzima aliyeungua kwa moto, na kwamba kinachokuongoza baada ya hapo ni mkojo, angalau 0.5 ml kwa kilo kwa saa. Mtahiniwa anayetaja mkojo bila kuulizwa huonyesha kwamba amewahi kukesha na mgonjwa wa namna hiyo.

Fanya vivyo hivyo kwa dawa ya ganzi. Lidokeni isiyo na adrenalini ni 3 mg kwa kilo, kwa hiyo mtu wa kilo 60 asipewe zaidi ya 180 mg, ambazo ni 18 ml za dawa ya asilimia 1 au 9 ml za asilimia 2. Ongeza kipimo cha fahamu cha Glasgow, chenye alama 3 hadi 15, na madaraja manne ya kupoteza damu, ukiyatamka yote kwa sauti.

Hatua ya nne: mgeuze kila mgonjwa wa wodini kuwa kituo

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na haihitaji kitabu. Kila asubuhi kabla ya raundi, chagua mgonjwa mmoja aliye radhi kupimwa, mwite mwenzako asimame pembeni na saa, kisha umpime mgonjwa huyo kana kwamba hujawahi kumwona.

Tuseme ni mzee mwenye ngiri ya kinena. Nawa mikono, msalimu, jitambulishe, omba ruhusa, vuta pazia. Mwambie asimame, kwa sababu ngiri nyingi hujificha mtu akilala, na mtahini atakuwa anangoja aone kama utaomba hilo. Tazama kwanza pande zote mbili, pamoja na makovu na korodani, kabla ya kugusa. Mwombe akohoe huku unatazama, kisha akohoe tena mkono wako ukiwa juu ya uvimbe. Tafuta kinundu cha mfupa wa kinena, kwa sababu ngiri ya kinena hutokea juu yake kuelekea katikati ya mwili, ilhali ngiri ya paja hutokea chini yake kuelekea nje. Mlaze, rudisha uvimbe kwa upole, bonyeza kwa kidole juu kidogo ya katikati ya kano ya kinena, mahali lilipo tundu la ndani, na umwombe akohoe mara ya mwisho. Ngiri ikizuiliwa, huenda inapitia tundu hilo. Ikijitokeza upande wa ndani wa kidole chako, huenda imesukuma ukuta moja kwa moja. Ongeza kwamba kipimo hiki hukosea mara nyingi na kwamba uhakika hupatikana thieta, mishipa ya damu ya chini ya tumbo inapoonekana.

Hapo kuna mtego wa kale. Katikati ya kano hupimwa kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga hadi kwenye kinundu. Mshipa mkuu wa damu wa paja, kwa upande mwingine, hupapaswa katikati ya ncha hiyohiyo na kiungo cha mbele kinachounganisha mifupa ya kinena. Sehemu hizi mbili zimeachana kwa umbali mdogo tu, na watahini hupenda sana kuuliza ipi ni ipi. Zionyeshe kwa kidole juu ya mwili wa mtu, siku baada ya siku, mpaka mkono uende wenyewe.

Ukimaliza kupima, geuka, mtazame mwenzako usoni, na utoe muhtasari wa sentensi zisizozidi tatu: nani, ana nini, na unakusudia kufanya nini. Usimgeukie tena mgonjwa kutafuta jibu ulilolisahau.

Hatua ya tano: kazi za mikono

Omba nyuzi zilizopitwa na muda kutoka thieta na ufunge mafundo nyumbani, kwa mkono mmoja na kwa mikono miwili, halafu ndani ya kopo refu, kwa kuwa fundo la kina ndilo linalofichua uzito wa mkono. Mtahini haangalii kasi yako. Anaangalia kama uzi unavuta tishu juu kila unapokaza.

Kuhusu mrija wa kifua, ujue kueleza eneo salama: mbele pamekingwa na ukingo wa msuli mkubwa wa kifua, nyuma na ukingo wa msuli mpana wa mgongo, chini na usawa wa nafasi ya tano kati ya mbavu, na juu na kwapa. Pita juu ya ukingo wa juu wa ubavu, kwa maana mishipa ya damu na ya fahamu hukaa chini ya kila ubavu. Panua kwa koleo, ingiza kidole kabla ya mrija, na usitumie chuma chenye ncha. Unganisha na chupa yenye maji, shona, agiza picha ya eksirei.

Hatua ya sita: vituo vya mazungumzo

Mtihani hufanywa kwa Kiingereza, nasi kutwa nzima huzungumza na wagonjwa kwa Kiswahili. Daktari anayejua kumwambia mzee wake wa wodini, kwa heshima zote na baada ya shikamoo, kwamba mguu umeoza kwa kisukari na hauna budi kukatwa, anaweza kujikuta akimwambia mwigizaji anayeshika nafasi ya mgonjwa kituoni jambo hilohilo kwa Kiingereza cha kitabu, kikavu na cha haraka. Tiba yake ni kumweleza mwenzako kila siku, kwa Kiingereza rahisi kisicho na istilahi, upasuaji mmoja: ni nini, kwa nini, faida yake, madhara ya kawaida na yale makubwa, njia mbadala, na kitakachotokea asipofanyiwa.

Anza kwa kumuuliza mgonjwa anachokijua. Akisema lazima kwanza azungumze na ndugu zake, usimharakishe wala usirudie hoja kwa sauti kubwa zaidi; mweleze haraka iliyopo kwa ukweli, mpe muda, na ujitolee kukutana na ndugu hao akiridhia. Kumbuka kwamba ridhaa ni yake, hata kama wanaotoa uamuzi nyumbani ni wengine.

Hatua ya saba: mtihani wa majaribio wenye kengele

Wiki chache kabla ya siku yenyewe, kusanya wenzako, panga vituo kwenye vyumba vya kliniki jioni, tafuta mtu wa kupiga kengele, na umwombe bingwa mmoja au wawili wakae kama watahini wasiotabasamu. Waombe wasitoe maoni mpaka mwisho. Kilicho kigumu zaidi hapa ni kuwapata mabingwa wenyewe, kwa hiyo waombe mapema na uwe na tarehe ya akiba.

Hatua ya nane: siku ya mtihani

Fika mji wa mtihani mapema kidogo, hasa kama umevuka mpaka, na uwe na pasipoti, barua ya mtihani na koti safi kwenye mzigo wa mkononi. Mlangoni mwa kila kituo soma maelekezo mara mbili, kwa sababu kujibu vizuri swali ambalo hukuulizwa hakuna alama. Kituo kikiharibika, kiache hukohuko. Mtahini anayefuata hajui kilichotokea na anakupa alama zake mwenyewe.

Matokeo yakitoka na ukawa umefaulu, anza mara moja kutafuta hospitali kwa ajili ya fani utakayoiendea katika FCS, na uulize kibali chake kabla ya kuomba nafasi, kwa kuwa hospitali iliyoidhinishwa kufundisha MCS haina lazima iwe imeidhinishwa kwa fani hiyo.