Funika ua wa jirani ndani ya kamera yenyewe
Baada ya kufunga kamera juu ya geti, niligundua kwamba inaona hadi uani kwa jirani, anakopikia na kuanika nguo. Kamera nyingi za siku hizi zina mpangilio wa kufunika eneo: fungua programu yake kwenye simu, chora kisanduku cheusi juu ya ua huo, hifadhi, kisha tazama rekodi mpya kuhakikisha. Kwa kuwa sehemu iliyofunikwa haiingii kwenye rekodi, hata picha zikiibwa, jirani hataonekana. Upepo ukiisogeza kamera, kisanduku hufunika mahali pengine, na kwa baadhi ya kamera zinazozunguka si cha kutegemewa. Sauti nayo haizuiliki hivyo. Zima maikrofoni, maana mazungumzo ya uani ni yao.