Shayiri ikishageuka manjano umechelewa: namna ya kuwawahi vidukari

Wengi wetu tuko hapa Nairobi na shamba liko Mau Narok au Timau, tunalima kwa simu, kijana akipiga aseme "boss shayiri imekuwa manjano" tunakimbia agroveti. Msimu fulani mimi niliuziwa mbolea ya majani, nikapiga mara mbili, manjano ikabaki pale pale. Kumbe ni virusi vinavyobebwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea, na virusi vikishaingia kwa mmea hakuna dawa ya kuvitoa.

Mwambie kijana akutumie picha za karibu. Njaa ya naitrojeni huanza na majani ya chini na sehemu kubwa ya shamba inapauka pamoja. Virusi huanza kwa ncha ya jani ikishuka, manjano ya kung'aa, mmea umedumaa, na inakaa viraka viraka vya mviringo, juu kidukari mwenye mabawa alitua hapo akazaa halafu watoto wakatembea kwa miguu hadi mimea ya jirani. Haiji na mbegu wala udongo. Halafu kitu ilinishangaza, mtoto wa kidukari anazaliwa safi hata kama mama ana virusi, mpaka anyonye mmea mgonjwa.

Hatua ya kwanza ni kabla ya kupanda: ng'oa au ua nyasi na shayiri iliyojiotea baada ya mavuno, wiki kadhaa mapema, vidukari wakose daraja la kuvukia kwa mimea michanga. Hapa ndio watu huzembea.

Ya pili, tangu miche itoke mpaka imalize kutoa machipukizi, kila wiki geuza majani, angalia chini yake na pale shina linaingia udongoni. Zoom ya simu inatosha. Mmea ukipatwa huo umri ndio hasara kubwa, ukipatwa umeshakomaa si mbaya sana.

Ya tatu, dawa. Piga ukiwaona wadogo wasio na mabawa wanaanza kusambaa, usingoje manjano. Lebo isome, kipimo ni kile kile cha lebo.

MASWALI

Mama Kevo: Nilisoma Uingereza wanachelewesha kupanda, si tufanye hivyo?
Jibu: Mama, wao shayiri ya baridi wanapanda Septemba na Oktoba, ukichelewa kidogo baridi inakolea na wenye mabawa wanaacha kuruka. Sisi baridi hiyo hatuna, na ukichelewa mvua inakuacha.

Msee wa Kasarani: Nikipiga pairethroidi, ile dawa ya kuua wadudu, kila wiki nimalizane nao?
Jibu: Usijaribu kaka. Unaua pia wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wanaokula vidukari bure, na huko Uingereza aina moja ya vidukari wa nafaka wameshaanza kuizoea.

Njeri: Yangu majani yamejikunja kama sigara, ndani kuna mistari myeupe.
Jibu: Dada, hiyo inafanana na kidukari wa ngano wa Urusi, sumu ya mate yake ndio inafanya hivyo, si virusi. Amejificha ndani ya jani, dawa ya kugusa tu haimfikii, tafuta inayoingia kwa mmea.

Msee wa Kasarani: Na mbegu inayovumilia virusi iko?
Jibu: Jeni ya kuvumilia, yaani chembe ya urithi, ilipatikana kwa shayiri za Ethiopia, inaitwa Ryd2. Ukienda kununua mbegu uliza kama aina hiyo inayo, na kama muuzaji hajui, mwambie apigie waliomletea.