Bonasi ya Desemba: namna ya kuilipa ili imfae anayeipokea

Anza kuipanga bonasi mwezi wa Oktoba. Wenye biashara wengi ninaowajua huikumbuka Desemba imefika katikati, pesa zote zimeshaingia kwenye bidhaa za sikukuu, na hapo ndipo mtu huishia kuwapa watu kalenda na miavuli yenye nembo ya kampuni. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mafundi walioshinda kazini Jumapili mfululizo walipewa mwavuli na makofi. Mwaka uliofuata nusu yao hawakuwepo.

Mimi hutunza vitabu vya mishahara vya biashara kadhaa ndogo, hapa Nairobi, kutoka Lunga Lunga Road hadi Kariobangi Light Industries: karakana za vyuma, mkate, ushonaji. Kila mwaka hukaa na wenyewe kuhusu jambo hili. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia.

Kwanza, jua kama unadaiwa

Sheria ya Ajira ya 2007 haimlazimishi mwajiri wa Kenya kulipa bonasi wala mshahara wa kumi na tatu. Ufilipino imekuwa na sheria hiyo tangu 1975, na Brazili hulipa kwa mafungu mawili, la kwanza kabla Novemba haijaisha na la pili kufikia Desemba 20. Kwetu ni hiari, isipokuwa umeiandika kwenye mkataba wa kazi au imo katika mapatano na chama cha wafanyakazi. Kwa hivyo toa mikataba kwenye faili uisome kabla ya kutamka neno. Ikiwa imeandikwa, hilo ni deni, na deni hulipwa hata mwaka ukiwa mbaya.

Hata ikiwa ni hiari, huna ruhusa ya kubagua. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinakataza ubaguzi kazini, na ujauzito umetajwa humo waziwazi. Nimeona orodha ambayo dada aliyekuwa likizo ya uzazi amekatwa miezi mitatu, eti hakuwepo. Likizo ile ni haki yake na hulipwa mshahara kamili. Mhesabie kama mwenzake aliyekuwa mashineni.

Weka kanuni, kisha uitangaze

Waliotoka nyumba za majani chai wananielewa hapa haraka. Mkulima wa KTDA, shirika linalosimamia viwanda vya chai vya wakulima wadogo, huambiwa bonasi kwa shilingi ngapi kila kilo, naye kilo zake anazijua, kwa hivyo hujipigia hesabu kabla pesa haijaingia. Wakulima wa Kisii na Kericho wanapolalamika kwamba viwanda vya mashariki ya Bonde la Ufa vimelipwa zaidi, wanacho kiwango cha kushika mkononi na kuuliza kwa nini. Mfanyakazi wa karakana akipewa bahasha bila kanuni hana la kuuliza. Hubaki kukisia nani anapendwa na bosi.

Kanuni ninayoipendekeza ni rahisi. Gawa fungu lote mara mbili. Nusu ya kwanza igawe sawa kwa kila kichwa. Nusu ya pili igawe kwa miezi ambayo kila mtu amefanya kazi mwaka huo.

Tuseme karakana ina watu 14 na fungu ni shilingi 168,000. Nusu yake ni 84,000, ukiigawa kwa 14 kila mmoja anapata 6,000. Sasa miezi: kumi wamemaliza mwaka mzima, wawili wana miezi 7, wawili wana miezi 3. Jumla ni miezi 140, na 84,000 ukigawa kwa 140 ni shilingi 600 kwa mwezi. Aliyemaliza mwaka anaondoka na 13,200, wa miezi 7 na 10,200, wa miezi 3 na 7,800. Bandika hesabu hiyo ukutani. Sijawahi kuona ugomvi juu yake.

Wengine hupenda asilimia ya mshahara. Ni halali na inafanyika katika kampuni kubwa, lakini kwenye karakana ndogo humpa meneja kiasi ambacho mama anayefagia hawezi kukikaribia, ilhali unga wanaununua kwa bei moja. Kama unataka kumtuza aliyefanya kazi ya ajabu, mtuze kando, mwezi uleule alioifanya, na umwambie ni kwa kazi gani.

Vibarua je? Waingize. Kama mtu amekuja getini kwako karibu kila siku tangu Machi, miezi yake ihesabu. Soja wa usiku aliyeletwa na kampuni ya ulinzi hayumo kwenye vitabu vyako, na hesabu yake haiwezi kuwa hii, lakini mfuko wa shopingi mpe. Ndiye aliyekuwa macho wakati wewe umelala.

Kodi, ambayo wengi huikumbuka wamechelewa

Bonasi ya pesa ni mapato, na hukatwa PAYE, ile kodi ya mapato ambayo mwajiri huikata kabla ya kulipa, kama mshahara. Chukua mtu ambaye mshahara wake unaotozwa kodi ni 30,000. Umempa bonasi ya 10,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 2,333 za kwanza za bonasi hiyo zinakatwa asilimia 25, na zilizobaki, kwa sababu zimevuka 32,333, asilimia 30. Kodi ni kama 2,883. Baada ya kodi hiyo anabaki na 7,117. Ikiwa ulimwambia "elfu kumi" mbele ya wenzake, ataona umemla. Taja kiasi kabla ya kodi na baada ya kodi, vyote viwili, siku ileile unapotangaza. Ukitaka apokee elfu kumi kamili mkononi, kodi hiyo uibebe wewe kwa kuongeza fungu.

Kuna njia halali ya kupunguza makato. Tangu Desemba 27, 2024, manufaa yasiyo pesa taslimu hayatozwi kodi yakiwa hayazidi shilingi 5,000 kwa mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Zamani ilikuwa 3,000. Kwa hivyo yule wa 10,000, ukimpa 5,500 kwa pesa na bidhaa za 4,500, kodi yake inashuka hadi 1,533. Ameokoa 1,350. Ila angalia kama kuna manufaa mengine unayompa mwaka huo, maana yote hujumlishwa.

Bidhaa ziwe zile ambazo angezinunua mwenyewe: unga, sukari, mafuta ya kupikia, mchele wa Mwea, majani chai, sabuni. Uliza kabla ya kununua. Nina dereva ambaye familia yake yote iko Mwingi na yeye hupanda matatu na begi moja. Katoni ya lita ishirini za mafuta ni mzigo kwake. Huyo anataka pesa, hata zikikatwa.

PAYE ya Desemba hufika KRA, mamlaka ya ushuru, kufikia Januari 9. Mwachie mhasibu wako orodha ya bonasi kabla hujafunga ofisi, maana tarehe hiyo huja watu wengi wakiwa bado njiani kutoka mashambani.

Siku ya kulipa

Hapa ndipo pesa nyingi za wafanyakazi hupotea, na hakuna anayezungumzia.

Nauli za kwenda magharibi na Nyanza hupanda kadiri Krismasi inavyokaribia. Aliyepata pesa mapema hukata tiketi mapema. Aliyelipwa tarehe 23 jioni huenda Machakos Country Bus kusimama kwenye foleni na watoto, na kulipa bei yoyote atakayotajiwa, kwa kila kichwa. Bonasi ileile, lakini sehemu kubwa imebaki kwa kondakta. Kwa hivyo lipa kufikia wiki ya Jamhuri, Desemba 12.

Halafu fikiria Januari. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema, karibu na tarehe 20, kwa moyo mzuri. Matokeo yake mtu hukaa wiki tano au sita hadi mshahara mwingine, na katikati kuna ada ya shule, sare, vitabu na kodi ya nyumba. Njaanuary haikuja kutoka mbinguni, imo kwenye kalenda ya malipo. Ninachofanya na karakana mbili ni kugawa bonasi: sehemu moja wiki ya Jamhuri kwa nauli na sikukuu, sehemu nyingine wiki ya kwanza ya Januari kabla shule hazijafunguliwa. Lakini usimwamulie mtu mzima. Pitisha karatasi mwezi wa Novemba, kila mmoja achague yote Desemba au nusu kwa nusu, atie sahihi. Wenye watoto shuleni wengi huchagua nusu.

Na si kila mtu ana Krismasi. Mahali penye Waislamu, muulize kila mmoja kama angependa fungu lake au sehemu yake ije kabla ya Idd. Kiasi kiwe kilekile. Fundi mmoja wa cherehani huko Eastleigh aliniambia hilo lilimgusa kuliko nyongeza yoyote ya mshahara, kwa sababu hakuna mwajiri aliyewahi kumuuliza.

Pesa ipitie wapi

Usitume kwa M-Pesa bila kuuliza. Mtu mwenye deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, pesa ikiingia kwenye laini yake deni linakatwa palepale kabla hajaigusa. Nimeona bonasi nzima ikimezwa hivyo, na mtu akabaki anaonyesha ujumbe wa simu kwa mshangao. Deni ni lake na atalilipa, lakini aamue mwenyewe lini. Kwenye karatasi ileile ya Novemba weka nafasi ya kuchagua: benki, akaunti ya Sacco, M-Pesa, au pesa mkononi kwa kutia sahihi. Akichagua M-Pesa, tuma na ya kutolea. Ni shilingi chache kwako.

Usiikate bonasi kulipia deni la mtu, sufuria iliyovunjika au siku aliyokosa kazi. Kama kuna deni, mlizungumze kwenye mshahara, kwa utaratibu wa sheria, mwezi mwingine.

Maneno yanayokwenda na pesa

Andika barua fupi kwa kila mmoja. Si lazima iwe ya kifahari. Hii tuliitumia:

"Asante kwa kazi ya mwaka huu. Wewe ndiye uliyefunga mageti yote ya ile shule ya Ruai na hakuna hata moja lililorudishwa. Bonasi yako ni shilingi 13,200 kabla ya kodi, kwa kanuni iliyobandikwa ukutani. Bonasi hii ni ya mwaka huu. Ya mwaka ujao itategemea hali ya biashara, nasi tutawaambia kufikia Novemba."

Sentensi ya pili ndiyo kiini cha barua. Mtu akisoma kazi aliyoifanya kwa mikono yake ikitajwa, anajua umemwona. Barua moja iliyonakiliwa kwa watu 14 haifanyi hivyo, na wanalinganisha, niamini. Sentensi ya mwisho inakulinda wewe, maana malipo yanayorudiwa kila mwaka bila neno huweza kugeuka kuwa haki inayodaiwa.

Karamu ni nzuri. Nunueni mbuzi Kiamaiko, chomeni pale pale karakanani mchana wa siku ya mwisho, watu wafike nyumbani mapema. Lakini karamu isile fungu la bonasi. Hoteli ya kifahari huko Westlands kwa jioni moja inaweza kugharimu sawa na ada ya mtoto wa mtu.

Mwaka ukiwa mbaya

Sema Novemba, ukiwa umesimama mbele yao, na utaje hesabu: mauzo yalikuwa haya, deni la vyuma ni hili. Kisha toa kile unachoweza. Siku mbili za mapumziko yenye malipo, barua ya kweli, mfuko wa unga. Watu wa Nairobi wanajua biashara inavyoyumba, na wengi wana jamaa mwenye kibanda kilichofungwa. Wasichosamehe ni kunyamaziwa hadi tarehe 22 huku bosi akiegesha gari jipya.

Msaidizi wa nyumbani

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu yuko peke yake, hana mwenzake wa kulinganisha naye hesabu.

Mshahara wake wa Desemba ni wake. Usiushike nusu ili arudi Januari. Najua desturi hiyo ipo, najua na hofu iliyo nyuma yake, lakini ni kumnyima mtu jasho lake, na ni kinyume cha sheria. Mlipe wote. Bonasi yake iwe juu ya mshahara, na kwa aliyekaa mwaka mzima naona nusu ya mshahara wa mwezi ni mahali pa heshima pa kuanzia. Nguo kuukuu za watoto wako zisihesabiwe kuwa bonasi. Shopingi ya kupeleka kwa mama yake mnunue pamoja, achague yeye.

Mama fua anayekuja mara mbili kwa wiki naye mkumbuke: malipo ya wiki moja ya ziada.

Kisha kubalianeni siku ya kurudi kabla hajafunga begi, na iwe siku anayoiweza, maana Januari mabasi ya kurudi Nairobi nayo hujaa. Nauli ya kurudi usimpe pamoja na ya kwenda. Mtumie akiwa nyumbani, siku tatu au nne kabla ya safari, na ya kutolea ndani yake, umuulize mama anaendeleaje.