Kichanga kazaliwa na uvimbe jichoni: weka sindano pembeni

Nawaandikia wenzangu wa wodi za wazazi na zahanati, kuanzia Pangani hadi Mkinga. Uvimbe wa maji kwenye tundu la jicho la kichanga ni nadra sana, na siku ukija, mkono hukimbilia sindano ukidhani ni usaha. Usichome.

Hatua ya 1: Futa wanja. Hapa Tanga vichanga wengine hufika wamepakwa wanja, au wamedondoshewa maziwa ya mama. Mwamkie bibi yake, omba ruhusa, futa taratibu kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa. Usimfokee mtu. Uvimbe haukuletwa na wanja wala kijicho cha jirani.

Hatua ya 2: Angalia umekaa wapi. Hapa usiwe na haraka.

Uvimbe ukiwa unasukuma kope ya chini, una rangi ya bluu, na jicho ni dogo au halionekani kabisa, basi huenda mpasuko wa jicho la kijusi, unaotakiwa kufunga kati ya wiki ya 5 na ya 7 ya mimba, haukufunga. Ukiwa kando ya pua, chini ya kona ya jicho, fikiria kifuko cha machozi kilichoziba. Msikilize pumzi anaponyonya, maana uvimbe huu waweza kuziba pua, na kichanga hutegemea pua kupumua. Ukiwa juu ya kona hiyo, na unadunda au unajaa akilia, yawezekana ni utando wa ubongo, pengine na ubongo wenyewe, uliotokeza kwenye uwazi wa mfupa. Fikiria sindano ingeingia wapi.

Jicho zima likiwa limesukumwa nje, huenda ni teratoma, yaani uvimbe wa kuzaliwa nao wenye tishu za aina mbalimbali. Jicho lenyewe laweza kuwa zima, ila konea, kioo cha mbele cha jicho, inakauka. Paka marhamu ya macho mara kwa mara, tangu saa hiyo hadi anapokelewa rufaa.

Hatua ya 3: Mulika mboni zote mbili. Ukiona weupe badala ya wekundu, mpeleke siku hiyohiyo. Saratani ya retina haisubiri.

Hatua ya 4: Picha. Ultrasaundi kwanza, haina mionzi. MRI, picha ya sumaku, huonyesha kama ubongo umehusika. Moyo na figo pia vipimwe.

Hatua ya 5: Rufaa na tiba. Anzia Bombo, hospitali yetu ya mkoa; upasuaji wenyewe ni wa mabingwa, kwenye hospitali kubwa za KCMC Moshi au Muhimbili. Teratoma hutolewa mapema. Lakini kifuko cha maji kilichoambatana na jicho dogo mara nyingi huachwa kwanza, kwa sababu kinasukuma mifupa ya tundu ikue. Kikitolewa mapema bila kitu cha kujaza nafasi, uso hukua umebonyea upande mmoja. Kikinyonywa maji kwa sindano, hujaa tena. Mweleze mama hili kabla hajapanda basi, asije akafika, akaambiwa asubiri, akadhani mwanawe ametelekezwa.